Bibi alipokuja shuleni

Septemba 2021 nilikuwa msaidizi wa mwalimu katika shule ya umma hapa Winnipeg, Kanada, mtaa wenye familia nyingi za Cree na Ojibwe, wenyeji wa asili wa nchi hii. Mwezi Mei jamii ya asili ya Tk'emlúps te Secwépemc ilikuwa imetangaza kwamba rada ya kuchunguza chini ya ardhi imeonyesha dalili za makaburi yapatayo 215 ya watoto kwenye uwanja wa iliyokuwa shule ya bweni ya Kamloops, moja ya shule ambako watoto wa jamii za asili walipelekwa mbali na familia zao. Shule yetu nayo ikaagiza mashati ya rangi ya chungwa, kukumbuka kisa cha Phyllis Webstad, mwanamke wa jamii za asili aliyevuliwa shati jipya alilonunuliwa na bibi yake, siku alipoingia shule ya bweni mwaka 1973. Alikuwa na miaka sita.

Siku ya kuvaa mashati hayo mwalimu mmoja alimsimamisha mvulana wa Cree, nywele zake ndefu zimesukwa msuko mmoja, awaeleze wenzake yaliyowapata watu wake. Mtoto akainamisha kichwa, akavuta barakoa mpaka karibu na macho, kimya. Niliomba ruhusa nikatoka naye. Hasira ilinikaba. Mtoto kaja kusoma hesabu kama wenzake. Kwa nini abebeshwe kazi ya kuwafundisha wengine historia ya nchi yao?

"Bibi ndiye anayejua," akaniambia. "Yeye alipelekwa huko."

Mwenzetu wa asili ya Métis, watu wenye asili ya wenyeji na Wazungu, aliyekuwa akiwaangalia wanafunzi wa jamii za asili, akatuonyesha njia. Mzee haombwi kwa barua pepe. Unamwendea, unampa tumbaku mkononi, unaeleza haja yako, kisha unangoja. Mimi niliyelelewa Mombasa sikuhitaji kuambiwa mara mbili. Bibi akakubali, kwa sharti moja: mjukuu wake asiulizwe kitu.

Alipofika hakwenda moja kwa moja uwanjani. Alisimama kwenye korido ya makoti, akasoma majina ya watoto niliyoyaandika juu ya kila kulabu, moja baada ya jingine, kidole kikifuata herufi.

"Sisi tulipewa namba," akasema, akaitaja yake. Siiandiki hapa; ni yake.

Nje watoto walikaa duara. Aliwasha majani makavu ya seji, mmea wenye harufu, ndani ya kombe la baharini, kwa desturi ya kujitakasa, akaupepea moshi kwa unyoya wa tai, na aliyetaka akauvuta kwa viganja kuelekea usoni. Akasimulia alivyonyolewa siku ya kwanza na alivyochapwa kwa kusema Cree. Watoto zaidi ya 150,000 walipitia shule hizo za serikali na makanisa, na za mwisho zilifungwa miaka ya 1990, wakati mimi mwenyewe niko shule ya msingi. Mvulana alikuwa amekaa ubavuni kwa bibi yake, barakoa imeshuka kidevuni, akimtazama kila aliyeuliza swali.

Baadaye tulikaa na mkuu wa shule. Mwito wa 62, kati ya miito 94 ya Tume ya Ukweli na Maridhiano iliyochunguza shule hizo, unataka historia hii ifundishwe madarasa yote kwa kushirikiana na walionusurika, si kwa siku moja ya mashati. Akauliza fedha zitatoka wapi. Nikasema zitoke fungu lilelile la mashati.

Kuanzia Oktoba bibi akawa anakuja kila mwezi, akilipwa kama mtaalamu mwingine yeyote, na mwalimu yuleyule aliyemsimamisha mvulana ndiye aliyekuwa akimpelekea tumbaku.