Nyota za ncha nane kwenye baraza la Tanga: nilipofikia

Wiki ya tatu sasa jioni zangu zinaishia kwenye sakafu ya baraza moja. Ni baraza la nyumba ya wazazi wangu, Tanga, urefu mita 9 na upana mita 2.4, na saruji yake imelika hadi kokoto zimetokeza. Mama amekubali tuweke vigae vya saruji vyenye nakshi, kwa sharti kwamba aione sakafu nzima kwenye picha kabla haijatoka hata shilingi. Nyumba yenyewe niliichora mwaka jana kwenye Revit, programu ya kuchorea majengo. Kuta, paa na madirisha havikunisumbua kama inavyonisumbua nakshi hii.

Nimechagua nyota na msalaba. Ni kazi ya Uajemi. Katika karne ya 13 mafundi wa Kashan walitengeneza vigae vya umbo la nyota yenye ncha nane na vya umbo la msalaba, vikapangwa ukutani kila kimoja kikijaza pengo la mwenzake. Kaburi la Imamzadeh Yahya, mjini Varamin, lilivishwa vigae hivyo, na baadhi vina tarehe ya Hijria inayolingana na mwaka 1262. Katika karne ya 19 vilibanduliwa vikauzwa, na leo vingine viko Victoria and Albert Museum, London. Kila nikizitazama picha zake naumia: ukuta ule mmoja sasa umetapakaa katika miji isiyohesabika.

Vya kwetu havitakatwa umbo la nyota. Kalibu ya fundi ni mraba wa milimita 200, kwa hiyo nyota itakaa katikati ya kigae, na vigae vinne vikikutana pembe kwa pembe ndipo msalaba unapojitokeza. Rangi humiminwa ndani ya kigawanyio cha chuma kilichokaa kwenye kalibu, kigawanyio kikatolewa, saruji na mchanga vikafuata juu, kisha kigae kikashindiliwa kwa mashine. Hakiingii tanuru. Ndiyo maana nataka vipimo visiwe vya kukisia, kwa kuwa mchoro wangu ndio utakaofuatwa kukunjia kigawanyio.

Jumamosi ya kwanza nilikaa na karatasi na kikokotoo tu. Nyota hii ni miraba miwili iliyolaliana, mmoja umezungushwa nyuzi 45. Ncha zikigusa kingo za kigae cha 200, upande wa kila mraba ni milimita 141.42. Mistari ya ndani ikifutwa, nyota inabaki na pande 16, na zote zina urefu uleule: 41.42. Mhunzi atakata vipande 16 vilivyo sawa, jumla yake sentimita 66 na kidogo. Nilihesabu mara tatu kwa furaha.

Furaha ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Faili la nakshi linalosomwa na Revit halikubali tao wala duara; linajua mistari iliyonyooka tu, kila mmoja na pembe yake, mahali unapoanzia, msogeo na umbali hadi mwenzake, kisha urefu wa kipande na urefu wa pengo, pengo likiwa na alama ya kutoa. Nilidhani nitahitaji mistari kumi na sita. Imetosha sita! Miwili imelala, miwili imesimama, na mshazari mmoja kila upande. Mstari mmojawapo uliolala ni huu:

0, -70.71, 70.71, 0, 200, 41.42, -58.58

Kipande na pengo vikijumlishwa ni 100 kamili. Kwenye mshazari, ncha ya nyota moja inaungana na ncha ya jirani yake, kwa hiyo kipande kinakuwa 82.84 na pengo ni lilelile 58.58. Kwa atakayejaribu: juu kabisa andika ;%UNITS=MM na ;%TYPE=MODEL, ili nakshi ifuate vipimo vya jengo, si vya karatasi.

Kosa nililifanya Jumatano. Kwa uvivu niliandika umbali wa mishazari kuwa 141 badala ya 141.4214. Karibu na mlango nyota zilikuwa nzuri. Nilipoisogeza picha hadi mwisho wa baraza, mishazari ilikuwa imeachana na mistari mingine kwa karibu milimita 27, na hapakuwa na nyota tena, ni vijiti tu. Sehemu ndogo ya milimita ilikuwa imejirudia mara 45. Sasa naandika tarakimu nne baada ya nukta, kila mahali.

Nakshi ya mistari haina rangi mbili, kwa hiyo kwa picha ya Mama nimechora kigae kimoja kwenye Inkscape, programu ya kuchorea picha, pikseli 1,000 kwa 1,000, nyota ya buluu iliyokolea juu ya rangi ya maziwa, nikakipachika kwenye Revit kama picha ya sura ya sakafu.

Jumapili nilimpelekea fundi mchoro. Aliutazama kimya, kisha akaniuliza, "Mwanangu, mwanya uko wapi?" Sikuwa nimeuweka. Anaacha milimita 2 kati ya kigae na kigae, kwa hiyo umbali halisi kutoka nyota hadi nyota ni 202. Kuuchora mwanya wenyewe kungevunja ile mistari sita, kwani mishazari ya nyota jirani isingelingana tena. Nimeamua kuikuza nakshi mara 1.01 wakati wa kuiingiza. Nyota zinanenepa kwa asilimia moja, jicho halitambui, na hesabu ya sakafu inabaki ya kweli.

Hesabu hiyo inanipa vigae 10 kwa upana na 43 kwa urefu, yaani 430 vya nyota, na hakuna nyota hata moja itakayokatwa. Ukingo utakuwa wa vigae visivyo na nakshi: milimita 190 kila upande wa upana, na 157 kila upande wa urefu. Tofauti ya 33 itaonekana kwenye pembe, na hapo ndipo Mama huweka kiti chake. Nikipunguza safu moja ya urefu ukingo unafika 258, nao ni mpana mno kwa baraza jembamba. Kesho nachapisha zote mbili nimpelekee achague mwenyewe.