Maharage ya jana: uzoefu wangu katika jiko la gereza

Nilipokabidhiwa usimamizi wa jiko la gereza moja mkoani Tanga, nikiwa askari ambaye hadi siku hiyo hajawahi kupika zaidi ya chai, nilikuta utaratibu usiotiliwa shaka na yeyote: maharage yalichemshwa alasiri kabla ya wafungwa kufungiwa, yakalala katika sufuria ileile ikiwa imefunikwa, na mchana wa siku ya pili yakapashwa moto kidogo na kugawiwa pamoja na ugali. Mara kwa mara wafungwa kadhaa waliamka usiku wakiharisha na kusokotwa na tumbo, bila homa wala kutapika, kisha baada ya siku moja wakawa wazima. Sote tulilaumu maji.

Bwana afya alipokuja, hakuanza na maji. Aliuliza maharage yamepikwa lini. Nyapara wa jiko, mtu mzima mwenye heshima zake, akamjibu, "Dokta, sisi huku tumekulia kiporo, na hakijatudhuru."

Kumbe kiporo cha nyumbani ni kisufuria kinachopoa upesi, ilhali sufuria ya lita 100 hubaki na uvuguvugu katikati usiku kucha, hasa kwa joto la pwani. Bakteria aitwaye Clostridium perfringens ana viini sugu visivyokufa kwa kuchemshwa, na huzaliana kwa kasi zaidi kati ya nyuzi joto 43 na 47, yaani ndani kabisa ya maharage yetu.

Saa za kufungiwa sikuwa na uwezo wa kuzibadili. Nilichoweza ni kuagiza kwamba alasiri maharage yalowekwe tu, na asubuhi maji yale yamwagwe, yawekwe mengine, yachemke kwa nguvu dakika zisizopungua 10, kwa kuwa maharage mekundu yasiyochemka sawasawa yana sumu yake yenyewe, kisha yaachwe yaive na kuliwa siku hiyohiyo. (Asubuhi ya kwanza nilikuta maji yametoa povu, nikakaribia kuyamwaga yote na maharage yake.) Yaliyolowekwa huiva mapema, kwa hiyo kuni zilipungua, na nadhani hilo ndilo lililomridhisha mkubwa wangu kuliko habari za matumbo.

Ndoo yenye koki na sabuni, vya wapishi kunawia mikono, vilipatikana bila shida. Ugumu ulikuwa kwa wapishi wenyewe. Kazi ya jikoni gerezani hugombewa, kwani mpishi halali na njaa, na kwa sababu hiyo anayeharisha hunyamaza. Nilitoa amri kali, nao wakazidi kuficha. Ndipo nikawaahidi kwamba anayeumwa tumbo atakaa nje ya jiko hadi zipite saa 48 tangu aache kuharisha, lakini nafasi yake haitachukuliwa na mgao wake hautapunguzwa. Hawakuniamini, hadi asubuhi moja nyapara mwenyewe aliponifuata mlangoni, akasema kwa sauti ya chini, "Afande, leo nipange kwenye kuni."