Pingili ya Shingopana: kumbukumbu ya mradi, Mbeya

Juni, wiki ya 1

Tunatengeneza pingili moja ya shingo ya Shingopana songwensis, dinosaria mla majani wa Tanzania, kwa jipsamu, urefu sentimita 40, ikae mezani watoto waishike. Mnyama mzima hatumjengi, maana hayupo. Kilichopatikana ni kipande cha taya, pingili za shingo, mbavu, mfupa wa juu wa mguu wa mbele na mfupa mmoja wa nyonga. Uchimbaji ulianza 2002 katika bonde la Rukwa, Songwe ikiwa bado sehemu ya mkoa wa Mbeya, na jina likatangazwa 2017. Jina lenyewe ndilo ramani ya kazi: ncha ya juu ya mwiba wa pingili (mfupa unaochomoza juu yake) imevimba kama rungu, ndiyo maana ya "shingo pana". Ukikosea hapo umetengeneza dinosaria mwingine.

Wiki ya 2

Kiini ni kadibodi ya maboksi, tupu ndani. Inafaa, kwa sababu pingili za shingo za titanosaria, kundi la dinosaria wenye shingo ndefu alimo Shingopana, nazo zilikuwa na vishimo vya hewa ndani. Angalia pande: mbele kuna kichwa cha duara, nyuma kuna shimo la kupokea kichwa cha pingili inayofuata. Ni rahisi kugeuza, kwa hiyo andika MBELE kwa kalamu ya wino kabla ya kupaka chochote.

Jipsamu kilo 1 kwa maji mililita 700. Mwaga unga kwenye maji, si maji kwenye unga, uache dakika 2 ulowe, ndipo ukoroge. Ndoo ioshwe kila mara. Mabaki yaliyoganda yanaharakisha mchanganyiko mpya, unashika kabla hujamaliza kupaka.

Tabaka la kwanza lilitoka kama vumbi: kadibodi kavu ilinyonya maji yote. Mikono miwili ya vanishi imemaliza tatizo.

Julai, wiki ya 1

Rungu limepasuka. Lilimiminwa kwa mkupuo mmoja, unene sentimita 6, juu ya tabaka lililokwisha kukauka, likaachana kwenye kiungo, mstari safi kama umekatwa kwa kisu. Tumelitoa lote. Sasa: kwaruza sehemu ya chini kwa msumari, ilowanishe hadi iache kunyonya, kisha ongeza unene sentimita 1 kila mara, na vipande vya gunia la katani vilivyochovywa kwenye jipsamu katikati ya matabaka. Nyuzi za katani ndizo zinazoshika.

Waya mweusi wa kufungia nondo haufai. Unashika kutu ndani ya jipsamu mbichi na doa la kahawia linatokeza hata juu ya rangi. Tumia uliopakwa zinki.

Wiki ya 3

Baridi ya Mbeya mwezi huu inachelewesha. Kushika ni nusu saa. Kukauka ni siku 9 na ndani bado pabichi. Usisogeze karibu na jiko la mkaa: joto likizidi, jipsamu inapoteza maji yake ya asili na uso unakuwa chaki.

Wadudu walitoboa mifupa hii baada ya mnyama kufa, na matundu hayo tumeyaweka. Yatoboe kwa msumari jipsamu ikiwa imeshika lakini bado baridi mkononi. Ikikauka kingo zinameguka.

Rangi: udongo mwekundu uliochekechwa, na gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa, kwa sehemu zinazofuata mfupa halisi tu. Tulizojazia zinabaki nyeupe, mtoto aone kwa jicho kipi kimetoka ardhini na kipi ni mkono wetu.

Bado mbavu za shingo, vifupa vinavyotoka pembeni mwa pingili. Ni nyembamba mno kwa jipsamu tupu. Tutajaribu ufito wa mwanzi uliozungushiwa katani.