Sindano za ovaloki

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii mi sina somo, nina kesi, na mshtakiwa ni mimi mwenyewe.

Wengi mnajua nashona pale karibu na soko la Mbuyuni miaka mingi tu, na mnamjua yule binti niliyekuwa naye, alikuja hajui hata kutunga uzi kwenye sindano. Mwezi uliopita kaondoka. Kaaga vizuri, kapiga magoti, mama asante kwa yote, afu Jumatatu nafungua nakuta naye kafungua fremu ng'ambo ya barabara, tunatazamana kabisa, na wateja wangu wawili wa nguo za sendofu wako pale wanapimwa. Nilijisikia kama nimemwagiwa maji.

Sasa Alhamisi akamtuma mtoto, dada anaomba sindano moja ya ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa, yake imekatika, atarudisha kesho. Nikasema mwambie sina. Droo ilikuwa na pakiti nzima, na nilikuwa nimeizuia kwa goti isije ikafunguka mtoto akaona. Mtu mzima, mzee wa kanisa, nazuia droo kwa goti.

Jioni akaja mteja wangu mmoja, mama wa Kihindi, kufuata blauzi zake za sari. Nikamlalamikia, nilitaka anionee huruma. Akacheka, akaniuliza unamjua Gopichand? Nikamwambia simjui, ni wa hapa Moshi? Akacheka zaidi. Kumbe ni bingwa wa badminton huko kwao India, ule mpira wa vinyoya. Akanisimulia mpaka giza likaingia, na nilipofika nyumbani nikamwomba kijana wangu anitafutie kwenye simu nikasoma mpaka usiku.

Huyu Pullela Gopichand aliumia goti vibaya mwaka 1994, akapasuliwa zaidi ya mara moja, lakini mwaka 2001 akashinda All England kule Birmingham, mashindano ambayo kabla yake Mhindi mmoja tu alikuwa ameyashinda, Prakash Padukone mwaka 1980. Kampuni ya soda ikataka kumlipa atangaze soda yao akakataa, kwa sababu yeye mwenyewe hanywi (hilo nalo ni tafakari ya siku nyingine, kuna wenye maduka humu tutaongea). Alipostaafu akataka kujenga chuo cha kufundisha watoto pale Hyderabad, hela haikutosha, akaweka nyumba yake rehani. Nyumba! Mwaka 2008 chuo kikafunguliwa, na yeye alfajiri yuko uwanjani anawarushia watoto vinyoya kwa magoti yale yale mabovu.

Yeye Olimpiki hakupata medali. Saina Nehwal, mwanafunzi wake, akapata ya shaba London 2012. P.V. Sindhu, mwanafunzi wake mwingine, akapata ya fedha Rio 2016. Na yule Sindhu kabla ya Rio alinyang'anywa simu miezi mitatu, hata aiskrimu alikatazwa, na mashindano yalipoisha mwalimu anasema kitu cha kwanza sasa ni kumrudishia simu yake. Hakumficha kitu alichokijua. Hapo ndipo nilipoiweka simu chini, nikakaa kimya.

Kwa sababu mi nilificha. Mafundi wenzangu mnanielewa. Kushona tunafundisha, kupinda, kuweka zipu, kutoboa matundu ya vifungo, lakini kukata hatufundishi. Kukata ndiyo ufundi wenyewe. Yule binti miaka yote ile nikitaka kukata suti ya mtu namtuma sokoni akaninunulie nyanya, akirudi anakuta vipande tayari. Nyanya zikawa zinaoza nyumbani. Amejifunza kwa kuiba na macho, na ameharibu vitambaa vyake mwenyewe vya mtumba vya Kiboriloni mpaka akajua. Halafu mimi nasema kaniibia wateja! Nani kamwibia nani hapo?

Na siyo mafundi tu. Mwalimu wa kwaya, kinanda unafunga na ufunguo unaenda nao mpaka Dar, vijana wamekaa tu. Mweka hazina wa jumuiya, daftari unalijua peke yako miaka tisa, ukiumwa mafua na sadaka inaumwa. Mama wa jikoni kwenye harusi, pilau lako tamu sana tunalipenda lakini mbona viungo unaweka ukiwa umewapa mgongo wenzio? Musa aliambiwa Eldadi na Medadi wanatabiri kambini, Yoshua anataka wakatazwe, Musa akasema laiti watu wote wa Bwana wangekuwa manabii. Sisi tumekuwa kina Yoshua wa siku ile, tena tunajiita tunalinda huduma. Tunalinda kiti, tusidanganyane. Bwana alikukabidhi talanta, hakukukabidhi kabati la kuifungia.

Basi nikasoma na hili. Yule Saina mwaka 2014 alimwacha Gopichand, akahamia kwa mwalimu mwingine Bangalore, na huko ndiko alikokuwa namba moja wa dunia. Fikiria uchungu wa mwalimu. Mwaka 2017 akarudi Hyderabad, na mlango haukufungwa. Nikamkumbuka Marko, aliyewaacha kina Paulo kule Pamfilia, mpaka Paulo na Barnaba wakagombana wakatengana kwa ajili yake. Lakini mwishoni, mzee Paulo yuko gerezani, anamwandikia Timotheo: "Umtwae Marko, umlete pamoja nawe, maana anifaa kwa utumishi." Nimeusoma huo mstari maisha yangu yote kama salamu za mwisho wa barua. Juzi nimeusoma nikalia.

Ijumaa asubuhi nilitoa sindano nne kwenye ile pakiti nikazifunga kwenye karatasi, nikaweka na mkasi wangu wa pili, ule mzito wa kukatia. Viko mfukoni mwa aproni. Nimeshavuka barabara mara mbili, mara zote nikaishia kwa muuza nyanya. Niombeeni wapendwa, kesho nafungua saa mbili.