Njano ya dumu

Leo darasa la pili wamenishinda, jamani.

Watoto sitini na ushee, penseli za rangi boksi mbili. Somo: maneno ya hisia kwa Kiingereza. Nilijipanga kirahisi tu: angry nyekundu, happy njano, sad bluu. Nikabandika ubaoni, basi.

Nyekundu ilipita bila ubishi. Mtu akikasirika si macho yanakuwa mekundu?

Bluu ndiyo ikagoma. "Mwalimu, bluu si sketi zetu?" Darasa zima kicheko.

Nikafika kwa binti mmoja wa dawati la nyuma. Sad yake kaipaka njano, kakandamiza penseli mpaka karatasi imetoboka. Nikamwambia, njano ni ya happy, mama. Akatikisa kichwa.

"Hili ni dumu, mwalimu. Likiwa tupu, mama haongei."

Nikabaki na chaki mkononi. Mtaani kwetu bomba lina siku ya nne halitoi, na mimi mwenyewe asubuhi nimeoga maji ya kopo moja.

Nikampa vema. Kubwa.

Walimu wenzangu, nyie mngemsahihisha? Na huzuni yako wewe ina rangi gani?