Nilivyopata feni ya prosesa ya bei rahisi baada ya kupiga ovakloki

Kompyuta yangu ya nyumbani ina prosesa ya Ryzen 5 2600, ile inayokaa kwenye soketi ya AM4, na sikuwa na shida nayo yoyote mpaka siku niliyoamua kuipiga ovakloki, yaani kuikimbiza zaidi ya spidi ya kiwandani. Kiwandani inatoka na 3.4 GHz, ikijipandisha yenyewe inagusa 3.9, mi nikaiweka 4.0 kwenye kora zote sita nikaipa volti 1.375 maana ndo namba niliyokuwa naiona watu wengi wanaitumia, ikawaka vizuri tu nikafurahi. Furaha ikaisha nilipoanza kurenda video, yaani kuitoa video niliyoihariri iwe faili kamili. Dakika tano hazijafika joto limeshapanda 94, feni inavuma mpaka mtu wa chumba cha pili anauliza kuna nini, af spidi inaanza kushuka yenyewe kwa sababu prosesa hii ikikaribia nyuzi 95 inajipunguza isije ikaungua. Yaani nimepiga ovakloki halafu kazi inatoka polepole kuliko mwanzo.

Ile hitisinki (chuma cha kuondoa joto juu ya prosesa) fupi iliyokuja kwenye boksi haina kosa. Ni kipande cha aluminiamu na feni juu yake, hakuna paipu za shaba za kubeba joto, imetengenezwa kwa ajili ya prosesa ya wati 65 na kwa wati 65 inafanya kazi yake vizuri kabisa, mimi ndo nilivuka mpaka.

Sasa hela ya kuchezea sikuwa nayo, kwa hiyo kabla ya kununua chochote nikasema ngoja kwanza nipunguze moto kwenye chanzo chake. Hapa ndo wengi wanaparuka na mimi naomba usiparuke. Joto la prosesa halipandi sawasawa na volti, linapanda kwa volti mara volti, kwa hiyo ukitoka 1.375 ukaenda 1.30 umeshapunguza zaidi ya asilimia 10 ya moto bila kutoa hata senti. Nikaingia bios (mipangilio ya ndani ya kompyuta), nikashusha volti kidogokidogo, kila nikishusha nawasha Prime95, programu ya kuibebesha prosesa mzigo mzito, nusu saa huku HWiNFO, programu ya kusoma joto, iko pembeni naangalia, ikizima au ikileta kosa napandisha hatua moja. Nikaishia 3.95 GHz kwa volti 1.30. Ile 50 MHz niliyoiachia siioni popote kwenye kazi zangu, ila joto lilishuka mpaka 87 na hitisinki ileile ya boksi. Bado ni juu na kelele bado zipo, lakini hapo nikajua sihitaji dude kubwa, nahitaji la kati tu.

Nikaanza kupekua hitisinki za kununua. Kosa nililotaka kulifanya ni kuchagua kwa wati za joto ambazo boksi linasema hitisinki inaweza kuondoa, huyu anaandika 180 yule 220, baadaye nikaelewa kila kampuni inapima kwa njia yake hakuna kipimo kimoja cha wote, kwa hiyo zile namba huwezi kuzilinganisha za kampuni moja na nyingine. Nikaanza kuangalia vitu vinavyohesabika kwa macho: paipu za shaba ngapi, feni ya ukubwa gani, na kimo.

Kimo ndo kilinichagulia. Nilitaka sana Peerless Assassin 120 SE maana ina minara miwili (mafungu ya mapezi ya chuma yaliyosimama) na paipu sita na bei yake si ya kutisha, lakini kimo chake ni milimita 155. Nikailaza kesi chali, nikatoa ubavu wake, nikaitoa hitisinki ya boksi, nikaweka rula ndefu kukatisha mdomo wa kesi halafu rula fupi nikaisimamisha juu ya prosesa mpaka ikagusa ile ndefu, nijue nafasi niliyonayo. 152. Nikapima mara tatu, 152. Hyper 212 nayo inakwenda kwenye 159, na ile NH-D15 wanayoisifia ni 165, zote nje. Ya kupoza kwa maji sikuihangaikia, kwa bei ndogo naona bora mnara mzuri wa hewa, hauna pampu ya kufa. Nikabaki na Assassin X 120 ile ya milimita 148, mnara mmoja, paipu nne, feni moja ya 120. Angalia na ram zako pia (vile vipande vya kumbukumbu vinavyosimama pembeni ya prosesa), kama ni ndefu feni italazimika kunyanyuliwa juu na hapo kimo chako kinaongezeka, ile 148 siyo 148 tena.

Kwenye kufunga kuna mambo mawili nataka niyaeleze taratibu. La kwanza, kutoa ya zamani. Prosesa za AM4 zina pini 1331 chini yake na pesti, ule ute unaopakwa kati ya prosesa na hitisinki ili joto lipite, ikikauka inashika kama gundi, ukivuta juu kwa nguvu prosesa inang'oka na hitisinki na pini zinapinda. Mimi niliiachia mashine ifanye kazi nzito dakika kumi pesti ilainike, nikazima, nikachomoa umeme, nikalegeza skrubu, halafu nikawa naizungusha hitisinki kushoto kulia kidogokidogo kama mtu anafungua mfuniko mpaka nikasikia imeachia. La pili, ile sahani ya chuma nyuma ya madabodi (bodi kuu ya kompyuta) inashikiliwa na skrubu hizohizo, ukizitoa zote inadondoka, mi nilikuwa nimeishika kwa mkono wa kushoto kwa nyuma kupitia tundu la kesi. Usiitupe, hii mpya inaitumia hiyohiyo.

Pesti ya zamani nikafuta kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi, mpya nikaweka tone kama punje ya njegere katikati, nikabandua karatasi ya plastiki chini ya hitisinki (hii ukiisahau umeumia, joto halipiti), nikakaza skrubu kwa zamu, huku kidogo kule kidogo. Feni iangalie inavuma wapi, upande wenye miguu ya kushikilia mota ndo hewa inatokea, na huo uelekee nyuma ya kesi kuliko na feni ya kutoa.

Nikawasha na video ileile niliyokuwa narenda mwanzo, joto likasimama 73. Nikawa na wasiwasi kidogo nilitarajia chini zaidi, kumbe chujio la mbele la kesi lilikuwa limejaa vumbi, limefunga kabisa ukiliweka kwenye taa huoni upande wa pili, nikaliosha nikalikausha, ikawa 69.

Mwisho nikaingia bios kwenye mpangilio wa feni nikaiambia ikae asilimia 40 mpaka joto lifike 60, kutoka hapo ipande taratibu, mia ije kwenye 85 ambako siku hizi hata haifiki. Sasa hivi naweka video ndefu irende usiku kucha na mimi nalala chumba hichohicho.