Jumamosi za Mbagala: igizo letu na vijana viziwi

Huu ni mwezi wa nne tangu tuanze kukutana kila Jumamosi uani kwa dada yangu, Mbagala. Tuko tisa, sita kati yetu ni viziwi. Siku za kazi mimi ni fundi cherehani. Onesho letu la kwanza mtaani limebakiza wiki tatu.

Nilianza vibaya. Nilikuja na hadithi niliyoitunga peke yangu, na viziwi nikawapa nafasi zisizo na maneno: mlinzi, mgonjwa, mpita njia. Jumamosi ya pili, binti mmoja msusi akaniambia kupitia kwa mkalimani wetu wa lugha ya alama: "Kaka, maneno tunayo mengi. Wewe tu huyaoni." Nilikwenda nyumbani na maneno hayo, hadithi yangu sikuirudia tena.

Tukashika njia waliyoifuata kina Penina Mlama na Amandina Lihamba, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kule Malya, Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980: wenye tatizo walichunguze wenyewe, walichambue, watunge igizo, waoneshe, kisha wajadiliane na watazamaji. Vijana walichagua zahanati. Mama mjamzito kiziwi amekaa kwenye benchi tangu asubuhi. Jina lake linaitwa kwa sauti, zamu inapita, na hakuna anayemgusa bega. Mmoja wetu ameyaishi hayo. Ndiye anayeigiza nesi, kwa kuchagua mwenyewe.

Mavazi yamenifundisha mengi. Nilishona vitenge vya maua makubwa, nikavifurahia sana, mpaka tulipofanya mazoezi: mikono ilipotelea ndani ya maua, alama hazisomeki. Nimeshona upya kwa kitambaa cha krimu, kisicho na nakshi, na sasa kila kidole kinaonekana hata ukikaa nyuma. Ngoma nayo tumeiweka juu ya mbao zilizounganishwa, waigizaji wanacheza pekupeku. Mdundo unawapanda miguuni. Mara ya kwanza walipoingia wote kwa pamoja bila kutazamana, mpigaji wetu aliacha kupiga akabaki anawashangaa.

Onesho litakuwa saa kumi, watazamaji wamekaa nusu duara. Tukichelewa hadi magharibi, giza litameza lugha yenyewe.

Kigumu kuliko vyote ni mjadala. Tulipowajaribishia majirani, maswali yote waliniuliza mimi, ilhali waliotunga wamesimama mbele yao. Mkalimani naye tulimweka pembeni, basi viziwi wakawa wanageuza shingo huku na huku na kupitwa na nusu ya mazungumzo. Sasa nakaa nyuma kabisa, kati ya watu. Yule msusi ndiye anayeongoza. Mkalimani wa kutafsiri maswali anasimama ubavuni kwa muulizaji, ili jicho liwaone wote wawili kwa pamoja. Tunatafuta mkalimani wa pili, maana huyu mmoja mikono inamchoka baada ya nusu saa, na siwezi kumlipa zaidi ya nauli na chakula. Hilo linaniumiza, kwa sababu ni kazi ya utaalamu.

Jumamosi ijayo tunawaalika bodaboda wa kijiweni. Igizo lenyewe hatutaligusa. Tutafanya mjadala tu, mara mbili, na mimi nimeahidi kutofungua mdomo.